Habari za Mtambo wa Mvuke, na Jinsi Ulivyofika Kwetu

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya mtambo wa mvuke: ni watu gani walioufanya, ulifanyaje kazi, na ulileta nini katika visiwa vyetu vya Unguja na Pemba.

Mazungumzo haya yalianzia darasani. Siku moja tuliwauliza vijana wanaojifunza ualimu chuoni kwetu, "Ni nani aliyevumbua mtambo wa mvuke?" Wakajibu kwa sauti moja, "James Watt." Tukauliza tena, "Aliuvumbuaje?" Kijana mmoja akasimama, akasema kuwa Watt alipokuwa mtoto alikaa jikoni akilitazama birika la maji likichemka, akaona mvuke unakirusha kifuniko, na papo hapo akaijua siri yote. Wenzake wakaitikia kwa vichwa, maana nao walifundishwa vivyo hivyo. Nasi pia, tulipokuwa watoto, tulifundishwa vivyo hivyo.

Hadithi hiyo ni tamu, lakini haipatani na tarehe. Watt alizaliwa mwaka 1736. Mtambo wa kwanza wa mvuke wenye pistoni uliofanya kazi ya kufaa ulisimamishwa Uingereza mwaka 1712, yaani miaka 24 kabla yeye hajazaliwa. Tena ubaya wa hadithi hii si kosa la hesabu tu. Mtoto akiambiwa kuwa elimu humshukia mtu mmoja kama radi, atakaa jikoni kwao akiingoja radi. Isipokuja, atasema, "Mimi sikuumbwa kwa mambo haya." Basi na tumwambie kweli, kwa kuwa kweli ndiyo itakayomfaa.

Kweli ni hii: mtambo wa mvuke ulijengwa kama wajengavyo watu nyumba ya mawe. Mmoja hulichimbua jiwe, wa pili hulipokea, wa tatu huliweka ukutani, wa nne huziba tundu aliloliacha mwenzake. Hakuna hata mmoja awezaye kusema kuwa nyumba ni yake peke yake.

Kwanza tutazame nguvu yenyewe. Kibaba kimoja cha maji kikichemka chote huwa zaidi ya vibaba 1,600 vya mvuke. Mvuke huo hutafuta nafasi, na ukibanwa husukuma. Kila mama aliyefunika sufuria ameliona jambo hili. Lakini liko jambo la pili, lisiloonekana kwa urahisi. Mvuke ukipozwa hurudi kuwa maji machache, na pale ulipokuwapo hubaki utupu. Hapo hewa iliyo nje hukandamiza kwa uzito wa karibu ratili 15 juu ya kila inchi mraba. Hatuusikii uzito huo kwa kuwa umetuzunguka pande zote, nje na ndani. Mtambo wa kwanza ulitumia jambo hili la pili zaidi kuliko lile la kwanza.

Nguvu ya mvuke ilijulikana zamani. Katika mji wa Iskandaria, nchini Misri, yapata miaka 1,900 iliyopita, mtu aliyeitwa Hero alieleza habari za tufe la shaba lililozungushwa na mvuke uliotoka katika mirija miwili. Lakini tufe lile halikuteka maji wala kusaga nafaka. Lilikuwa kitu cha kustaajabia tu. Miaka mingi ikapita, hata mwaka 1679 Mfaransa Denis Papin alipotengeneza sufuria yenye kifuniko kilichokazwa sana, iliyoweza kulainisha hata mifupa. Ili isipasuke, aliiwekea kilango kidogo cha usalama kilichofunguka mvuke ulipozidi. Mwaka 1690 akaandika jinsi mvuke unavyoweza kuiinua pistoni, yaani kizibo kipandacho na kushuka ndani ya silinda. Wazo lilikuwa zuri, ila yeye hakujaliwa kulifanya kuwa mtambo mkubwa wa kazi.

Haja ndiyo iliyowasukuma watu mbele. Huko Uingereza walichimba makaa ya mawe na madini, na kadiri walivyochimba chini ndivyo maji yalivyojaa mashimoni. Farasi waliyateka maji hayo usiku na mchana, na gharama ya kuwalisha ikawa kubwa. Mwaka 1698 Thomas Savery alipewa hati ya serikali kwa pampu yake ya mvuke isiyokuwa na pistoni, lakini haikuweza kuvuta maji kutoka mbali sana chini. Ndipo Thomas Newcomen, mfanyabiashara wa vyombo vya chuma katika mji wa Dartmouth, alipotengeneza mtambo wake na kuusimamisha penye mashimo ya makaa karibu na Dudley mwaka 1712.

Mtambo wa Newcomen ulikuwa hivi. Palikuwa na boila, yaani chombo kikubwa cha kuchemshia maji. Juu yake ilisimama silinda yenye pistoni. Pistoni iliungwa kwa mnyororo na ncha moja ya boriti kubwa iliyopita juu kama mizani, na ncha ya pili ilishika pampu iliyoshuka shimoni. Mvuke uliingia katika silinda, na pistoni ikapanda. Kisha maji baridi yalirushwa ndani ya silinda, mvuke ukageuka maji, utupu ukatokea, na hewa ya nje ikaisukuma pistoni chini kwa nguvu. Hapo pampu ikavuta. Mtambo ule ulivuta mara 12 kwa dakika, na kila mara ulipandisha galoni 10 za maji kutoka kina cha futi 153. Farasi wakapumzika.

Lakini mtambo huo ulikuwa mlafi. Ulikula makaa mengi mno, na kwa kuwa penye mashimo ya makaa hayakuwa ghali, watu waliuvumilia kwa zaidi ya miaka 50.

Sasa ndipo James Watt aingiapo, wala haingii kwa birika. Alikuwa fundi wa vyombo vya kupimia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, nchini Skotlandi. Katika majira ya baridi ya mwaka 1763 hadi 1764 alipewa mtambo mdogo wa Newcomen, uliotumiwa kufundishia, autengeneze. Tazameni basi: kazi yake kubwa ilianza kwa kutengeneza kitu kilichofanywa na mwingine. Aliona kwamba mtambo ulikwenda mara chache tu, kisha mvuke ukaisha. Fundi mwingine angelisema, "Ndivyo ulivyo." Watt akauliza, "Mvuke unakwenda wapi?" Akapima maji, akapima mvuke, akapima joto. Akagundua kwamba karibu robo tatu ya mvuke ilipotea bure, kwa kuwa silinda ile ile ilipashwa moto na kupozwa kila pistoni ilipopanda na kushuka.

Mfano wake ni mpishi ambaye, kila akipika chungu kimoja cha wali, hukimwagia chungu maji baridi, kisha hukibandika tena motoni kwa chungu cha pili. Kuni zake hazitadumu. Mwezi wa Mei 1765 Watt alipata jawabu: silinda iachwe moto daima, na mvuke upelekwe kupozwa katika chombo kingine, kilicho baridi daima. Chombo cha moto kiwe mbali, na chombo cha baridi kiwe mbali. Maneno machache, lakini yaligeuza kazi ya dunia.

Hata hivyo wazo halikutosha. Hati yake aliipata mwaka 1769, na mtambo mkubwa ukawa bado haujafaulu, kwa kuwa mafundi hawakuweza kutoboa silinda iliyo mviringo sawasawa. Mvuke ulivuja pembeni mwa pistoni. Hapo alihitajiwa mtu mwingine, naye ni John Wilkinson, ambaye mwaka 1774 alibuni chombo cha kutobolea mizinga. Chombo hicho kilifungua njia ya kuchonga silinda za Watt. Alihitajiwa pia Matthew Boulton wa Birmingham, mwenye karakana, mafundi na fedha, aliyeshirikiana na Watt tangu mwaka 1775. Mitambo yao ya kwanza ilianza kazi mwaka 1776. Malipo waliyotaka yalikuwa theluthi ya thamani ya makaa yaliyookolewa, ikilinganishwa na mtambo wa Newcomen. Kisha mwaka 1781 Watt akapata hati ya njia ya kuufanya mtambo uzungushe gurudumu, nao ukaweza kuendesha viwanda.

Baada ya Watt wakaja wengine. Richard Trevithick alitumia mvuke wenye nguvu nyingi, ambao Watt mwenyewe aliuogopa. Hofu hiyo haikuwa ya bure: mwaka 1803 boila moja ya Trevithick ilipasuka huko Greenwich, ikawaua watu 4. Trevithick hakuacha, aliongeza njia za usalama, na mwaka 1804 gari lake la moshi likavuta tani 10 za chuma na watu 70 kule Penydarren, nchini Welisi. Gari lilishinda, lakini reli zikavunjika kwa uzito. Mwaka 1829 gari liitwalo Rocket, la George Stephenson na mwanawe Robert, likashinda mashindano ya Rainhill, na mwaka uliofuata njia ya reli ya Liverpool na Manchester ikafunguliwa.

Baharini mambo yalikwenda polepole zaidi. Mmarekani Robert Fulton aliendesha marikebu ya mvuke ya abiria katika mto Hudson mwaka 1807, lakini mto si bahari kuu. Marikebu iliyokwenda mbali ilijaza makaa tumboni mwake hata isibaki nafasi ya shehena. Dawa ilikuwa kuutumia mvuke mara mbili: ukimaliza kazi katika silinda ndogo, upite katika silinda kubwa na kufanya kazi tena. Mwaka 1866 marikebu Agamemnon ya Alfred Holt, yenye mtambo wa namna hiyo, ilikwenda kutoka Liverpool hadi kisiwa cha Morisi, maili 8,500, bila kutua njiani kupakia makaa. Mwaka 1869 mfereji wa Suez ukafunguliwa. Tangu hapo Bahari ya Hindi, iliyokuwa ya matanga, ikawa na bwana wa pili.

Wazee wetu hawakuwa watu wasiojua safari. Walijua kaskazi na kusi kama wajuavyo njia ya kisimani. Majahazi ya Bara Hindi na ya Arabuni yalikuja na kaskazi, yakarudi na kusi; asiyewahi upepo alingoja. Mwaka 1872 mambo mawili yalitokea. Marikebu za mvuke za kampuni ya British India zilianza kuleta barua Unguja kutoka Aden, kwa tarehe, si kwa upepo. Tena mwezi wa Aprili tufani kubwa iliipiga Unguja, ikazamisha karibu vyombo vyote bandarini, pamoja na marikebu za Sultani Barghash bin Said, na kuing'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyotoa karafuu nyingi kuliko Unguja.

Lakini karafuu hizo zilichumwa na nani? Zilichumwa zaidi na watumwa. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash, akishurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukataza biashara ya watumwa baharini. Majahazi yakaendelea kuwavusha kwa siri mpaka Pemba, yakijificha katika hori na mikoko yetu. Tangu mwaka 1874 marikebu ya kivita London ikakaa bandarini Unguja, na mashua zake, nyingine za mvuke, zikayawinda majahazi hayo. Mashua ya mvuke haikungoja upepo, nayo iliweza kuingia katika hori hata siku ya shwari. Lakini chuma hakimlindi mtu peke yake. Tarehe 3 Desemba 1881, karibu na Pemba, nahodha wa London, Charles Brownrigg, akiwa katika mashua ya mvuke, aliuawa alipolisogelea jahazi lililokuwa na watumwa ndani. Utumwa wenyewe ulibaki halali kisheria Unguja na Pemba hadi mwaka 1897. Mvuke, basi, ulisaidia kuikata njia ya biashara ile, ila haukuwafungua watumwa. Sheria na watu ndio waliowafungua.

Sultani Barghash mwenyewe aliupenda mtambo wa mvuke. Alikuwa amepelekwa uhamishoni Bombay mwaka 1859, mji uliokuwa na gari la moshi tangu 1853. Mwaka 1875 alizuru Uingereza na kuona viwanda vyake. Akaagiza marikebu Glasgow, yenye matanga na mtambo wa mvuke pamoja, iliyoundwa Dumbarton na kukamilika mwaka 1878. Mwaka 1879 akalaza reli kutoka mjini Unguja hadi jumba lake la Chukwani. Kwanza mabehewa yalivutwa na nyumbu. Kisha mwaka 1881 akaagiza gari la moshi dogo kutoka kiwanda cha Bagnall, Stafford. Kumbukeni kwamba wakati huo nchi nyingi za Afrika hazikuwa na reli hata hatua moja.

Yakawaje? Sultani alifariki mwaka 1888. Reli ikang'olewa, na lile gari likauzwa kama chuma chakavu. Marikebu Glasgow ikabaki bandarini. Tarehe 27 Agosti 1896, mwanawe, Khalid bin Barghash, alipokishika kiti cha enzi bila ridhaa ya Waingereza, marikebu zao za kivita zililipiga jumba la kifalme kwa mizinga muda usiotimia saa moja. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Glasgow, iliyojaribu kujibu, ikazamishwa pale pale. Milingoti yake ilibaki imechomoza majini hadi mwaka 1912, kila aingiaye bandarini akiitazama.

Wengine huisoma habari hii wakasema, "Mzungu alijua, sisi hatukujua." Hatukubaliani nao. Wapika marashi wa Arabuni na Uajemi walijua kugeuza mvuke kuwa maji karne nyingi kabla ya Watt. Waunda majahazi wa pwani yetu walipima mbao kwa jicho, na chombo kikaelea miaka mingi. Akili haikukosekana. Kilichokosekana ni ule mpokezano wa mikono. Newcomen alipofariki mwaka 1729, mitambo yake iliendelea kujengwa, kwa kuwa wengi walikwisha kuijua. Na miaka 34 baadaye kijana mmoja wa Glasgow aliweza kuufungua mmoja wapo na kuuliza unavyokosea. Reli ya Chukwani ilikuwa mali ya mtu mmoja. Mtambo wake ulichongwa ng'ambo, nao haukuachiwa karakana ya vijana wa kwetu wa kuufungua na kuufunga tena. Mwenyewe alipoondoka, ukabaki chuma tu. Kununua mtambo ni jambo la siku moja; kuurithisha ujuzi wake ni kazi ya vizazi.

Je, mvuke umekwisha? Meli zinazotuvusha leo kutoka Unguja hadi Mkoani huendeshwa kwa injini za mafuta. Lakini ndani ya injini hizo zimo silinda na pistoni, urithi wa Papin na Newcomen. Na aliyepita Wawi, karibu na Chake Chake, amesikia harufu ya kiwanda cha makonyo. Pale makonyo ya karafuu, ambayo zamani wengi waliyaona takataka, hupitishiwa mvuke wa moto. Mvuke huyachukua mafuta, hupita katika mabomba yanayopozwa kwa maji, kisha hurudi kuwa maji na mafuta. Mafuta ya karafuu, kwa kuwa ni mazito kuliko maji, hutuama chini. Chombo cha moto mbali, chombo cha baridi mbali: kanuni ile ile aliyoitumia Watt, ikifanya kazi katika kisiwa chetu, juu ya zao letu wenyewe.

Kwa hiyo twawaomba walimu wenzetu jambo moja. Mkifundisha habari hizi, msianze na birika la mtoto wa Skotlandi. Wapelekeni wanafunzi mahali palipo na mtambo uliofunguliwa, hata ikiwa ni injini ya mashua pwani au mashine ya kusagia nafaka, mwambieni fundi awaonyeshe kilichoharibika, kisha kila mtoto aulize swali la Watt: "Nguvu inapotelea wapi?" Wengi watajibu vibaya, mmoja atajibu nusu ya jawabu, na mwenzake atailipokea nusu hiyo. Tuliporudi darasani na kuwaeleza vijana wetu haya, yule aliyetwambia hadithi ya birika alikaa kimya kitambo, kisha akauliza, "Mwalimu, yule mtambo mdogo wa Glasgow, nani aliuharibu?" Tukacheka sote, lakini swali lake lilikuwa zuri, maana aliyeutumia mpaka ukahitaji fundi naye ana sehemu yake katika nyumba hii.